Hatutamwambia Mtu, Hata Mtani

Mlenda wangu unauzwa mtandaoni. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Mimi ni mtu wa Haneti. Nilihamia Miyuji baada ya kufiwa na mume, nikaja kukaa kwa mwanangu. Mwanangu akahamishwa kikazi, nikabaki na nyumba na mjukuu mmoja wa kike. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, kuandika naandika, ila polepole. Haya naandika kwa kalamu, mjukuu ananakili, na nimemkataza kurekebisha.

Kazi yangu ni mlenda mkavu, ile mboga ya majani inayoteleza. Mvua zikinyesha, ndugu zangu wa Haneti wanachuma majani, wanayaanika, wananiletea kwa magunia. Mimi nachambua vijiti, natwanga, nachekecha, nafunga. Mlenda uliokaushwa vizuri unakaa mwaka mzima. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo, karanga za kusaga, nyanya kama unayo, na ugali wa uwele pembeni. Anayesema hicho si chakula hajawahi kuwa na njaa.

Mjukuu wangu, ambaye namwita mke mwenzangu kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, alimaliza chuo akazunguka mwaka mzima na bahasha ya vyeti. Siku moja akarudi, akavua viatu mlangoni, akasema, "Bibi, sitafuti tena kazi. Kazi ipo hapa nyumbani, na wewe umeikalia."

Nilikuwa nimekalia gunia la mlenda.

Akatengeneza tovuti, duka la kwenye simu. Mtu anafungua, anaona picha ya pakiti, anaandika jina, namba ya simu na mahali alipo, analipa hukohuko, na mwenye bodaboda anampelekea. Alinipiga picha nikitwanga, sura yangu imekunjamana kama nimeudhiwa. Nikasema itoe. Akasema hapana Bibi, hiyo ndiyo itakayouza, mtu akiiona anajua hapa hakuna mchezo. Ikabaki.

Duka likawa tayari, lakini kulipa kukawa hakuwezekani. Nakumbuka ilikuwa asubuhi, mimi nachambua kwenye ungo, yeye kwenye kigoda, kompyuta mapajani.

"Bibi, kampuni ya malipo imekataa kutufungulia."

"Tumewakosea nini?"

"Wanataka ukurasa wa sera ya faragha. Yaani maelezo, kwamba mteja akitupa habari zake tunazifanyia nini. Wametupa mpaka Ijumaa. Bila hiyo duka halifunguki."

"Basi andika."

"Nimeshaandika."

Alijibu haraka mno. Nimelea watoto saba. Mtoto akikwambia amenawa kabla hujamuuliza, mtazame viganja.

"Nisomee."

Akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani. Ati taarifa zako ni za thamani kwetu. Ati tumejizatiti. Nikasema sawa, endelea.

"'Tunaweza kuwapa taarifa zako washirika wetu wa kibiashara walio ndani na nje ya nchi.'"

"Simama hapo. Washirika wetu wa nje ya nchi ni akina nani?"

"Hawapo, Bibi. Ni maneno tu ya kisheria."

"Kama hawapo, tunawapaje? Haya, endelea."

"'Picha za meno yako tutazihifadhi kwa...'" Akasogeza uso kwenye kompyuta.

"Picha za nini?"

"Za meno."

"Meno ya nani?"

Akafunika uso kwa viganja. Alikuwa amenakili ukurasa wa kliniki moja ya meno, akabadilisha jina juu, akaweka mlenda palipokuwa na kliniki, na hapo kwenye meno akapitiwa. Nilijaribu kukasirika. Nilianza hata kumwambia kwamba mlenda ni chakula pekee kisichohitaji meno, sasa meno ya mteja ya nini, na hapo nikashindwa, nikacheka mpaka ungo ukapinduka, majani yakamwagika mapajani mwangu.

"Kila mtu ananakili, Bibi," akasema.

"Na huyo uliyemnakili alinakili kwa nani? Labda kwa muuza majeneza. Futa."

Alipofuta nikamwambia anieleze vizuri hiyo sheria, maana mimi sitii saini kitu nisichokijua, hata kama saini yenyewe ni kubonyeza. Akampigia mwenzake aliyesoma sheria, wakaongea kwa muda, akaniletea majibu. Kumbe ipo sheria ya nchi ya kulinda taarifa binafsi. Ukikusanya habari za watu kwa biashara unatakiwa ujisajili. Unatakiwa umwambie mtu unachukua nini na unachukulia nini, kabla hujachukua. Ulichochukulia mlenda usikitumie kwa jambo lingine bila kumwomba. Usimpe mtu mwingine kiholela. Na mwenye habari zake ana haki ya kuja kukuuliza, mnazo habari gani zangu? Umwonyeshe. Akisema hapa mmekosea, urekebishe. Akisema futeni, na huna sababu ya kisheria ya kuzishika, ufute.

Niliweka ungo chini. Nilikuwa nawaza karanga zangu.

Maana zamani, kabla ya mlenda, niliuza karanga za kukaanga, na nilizifungia kwenye makaratasi ya maofisini niliyonunua kwa kilo sokoni. Makaratasi safi, meupe, yameandikwa upande mmoja. Siku moja mama mmoja akala karanga zake zikaisha, akakunjua karatasi, akakuta barua ya shemeji yake ya kuomba uhamisho, na sababu zote ameeleza, moja, mbili, tatu. Ya tatu ilikuwa yeye. Sikuona kosa langu siku ile. Niliona karatasi tu.

Na mlenda nao, pakiti za wateja wa hapa mtaani nilizipanga kwenye meza barazani, kila moja na jina lake na idadi. Mtaa mzima unapita unasoma nani anakula nini.

"Na hizo za barazani?" nikamuuliza.

"Na hizo pia si vizuri, Bibi."

Nikainuka, nikaziingiza ndani. Kisha nikamwambia ashike kompyuta, mimi nitasema, yeye aandike, na asiongeze neno la kliniki.

Tuliandika siku mbili. Alikuwa akisema Bibi hapa panahitaji kusema hivi, mimi nauliza maana yake, akinieleza nasema kwa maneno yangu. Ikatoka hivi, na ndivyo ilivyo mpaka leo:

"Ukinunua mlenda kwetu tunachukua jina lako, namba yako ya simu na mahali pa kukuletea. Hatuchukui kingine. Siku yako ya kuzaliwa haituhusu, dini yako haituhusu, mlenda hauulizi. Tunavichukua ili mzigo ukufikie na ili ukiwa na lalamiko tukujue. Namba yako atapewa mwenye bodaboda anayekuletea, na ameagizwa aifute akishafika. Hela unalipa kupitia kampuni ya malipo, nayo ina masharti yake, yasome. Usiponunua kwa mwaka mzima tunakufuta. Ukitaka kujua tuna habari gani zako, uliza, utaonyeshwa. Ukitaka zirekebishwe zitarekebishwa, ukitaka zifutwe zitafutwa. Hatutamwambia mtu umenunua nini. Hata mumeo. Hata mkeo. Hata jirani. Hata mtani."

Hilo la mwisho niliongeza mwenyewe, kwa kujisikia. Nilitaka mtu ajue tumefika mbali.

Tukaituma Alhamisi. Ijumaa kampuni ikajibu kwamba imekubaliwa, ila mtu wao wa sheria anauliza, neno "mtani" katika sera hii lina maana gani? Mjukuu akaniuliza ajibu nini. Nikasema mwambie ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mpaka kwenye msiba wako. Sijui alijibu nini. Duka likafunguliwa.

Sasa nimtaje mtani wangu, bila jina. Ni Mnyamwezi, mwalimu mstaafu, mwenye duka la madaftari na kalamu njia ya kwenda mjini. Mimi Mgogo. Hatuna ugomvi, tuna utani, na utani wetu una zaidi ya miaka ishirini, tangu nilipokuwa nikija mjini kuuza karanga. Siku aliyozikwa mume wangu, yeye ndiye aliyelala kaburini kabla jeneza halijashushwa, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na mimi niliyekuwa sijala siku mbili nikacheka. Fadhila ya mtu wa namna hiyo hailipiki.

Lakini mlenda! Miaka yote hiyo hajaacha kunisimanga kwa mlenda. Akiniona nanunua samaki sokoni ananiita kwa sauti, "Mtani, leo umechoka kuteleza?" Kwenye kila sherehe ananyanyua kijiko juu watu waone, anasema, "Hiki kwetu Tabora ni cha kulia chakula. Kwa mtani wangu ni cha kupigia makasia." Mimi namjibu kwamba babu zake walipita kwetu wamebeba meno ya tembo ya watu wengine mabegani, midomo imekauka, na babu zangu wakawauzia maji. "Na tuliwapa mlenda," namwambia, "ndiyo maana mlifika pwani." Watu wanashangilia. Hajawahi kuonja mbele ya mtu. Ukimwekea anasogeza sahani kwa kidole kimoja, kama anasogeza kinyonga.

Duka lilipokuwa na kama miezi miwili, oda zikiwa zinakuja vizuri, mjukuu akaniletea vikaratasi vya siku ile nifunge mzigo. Mimi ndiye nafunga, nasoma jina, mahali na idadi. Nikachukua cha tatu. Nikakisoma. Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikasoma tena.

Jina lake. Namba yake. Pakiti tatu. Pa kupeleka: dukani, si nyumbani. Na chini kwenye maelezo kaandika, "Tafadhali mfuko usiwe na maandishi."

Nilikaa chini. Siongopi, nilikaa sakafuni, nikaegemea gunia, nikacheka bila sauti mpaka machozi. Mjukuu akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikampa kikaratasi.

"Ah, huyu," akasema. "Huyu ni mteja wa tangu mwanzo. Hii ni oda ya nne."

"Ya nne! Na ulikuwa unanificha?"

"Nilikuwa nafunga zake mwenyewe, Bibi, leo imenipita. Nilijua utakuwa hivi."

"Jumamosi kuna kipaimara kwa jirani," nikasema. "Atakuwepo. Mungu wangu, Jumamosi mbali!"

Hapo mjukuu wangu akachuchumaa mbele yangu. Hakucheka. Akaniambia, "Bibi, ukimsema, ule ukurasa ni uongo. Maneno ni yako, si yangu. Yangu yalikuwa ya meno, ukayakataa. Watu wananunua kwetu kwa sababu ya ukurasa ule, kuna waliotuandikia kusema hivyo. Ukimtangaza mmoja, mimi Jumapili nafunga duka, narudi kubeba bahasha."

"Lakini huyu ni mtani."

"Uliandika hata mtani."

Nilimtazama yule mtoto. Nikaona ameipata sura yangu ya kwenye picha.

Jumamosi ikafika. Nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda nimefunga mdomo kabla ya wakati. Mtani alikuwa meza ya mbele. Walipofika kwenye zawadi, mshereheshaji akasema haiwezekani watani wakae kimya, akampa maiki.

Alianza taratibu. Akampongeza kijana wa kipaimara, akamwambia amekuwa mkubwa, sasa ajihadhari na vitu viwili, shetani na mlenda. Watu wakaangua kicheko. "Maana shetani unaweza kumkemea," akasema, "mlenda ukiukemea tayari umeshapita." Kisha akanigeukia. "Na mtani wangu yule pale, mmemwona? Siku hizi yuko mtandaoni! Bibi kizee na tovuti! Anauza utelezi kwa simu! Mimi nauliza, nauliza mbele ya watu wote, mtani, nani mwenye akili timamu anatoa hela yake mfukoni kununua huo mlenda? Nitajie mmoja. Mmoja tu!"

Ukumbi ukalipuka. Wakaniletea maiki.

Nikasimama. Nakwambia ukweli, jina lilikuwa limefika kwenye meno. Niliona mdomo wake ule unaong'aa kwa furaha, nikaona pakiti tatu na mfuko usio na maandishi. Miaka ishirini nilikuwa nikitafuta jiwe la kumtupia, na sasa nilikuwa na mwamba mzima mkononi, na yeye mwenyewe alikuwa ananiomba nirushe. Nitajie mmoja! Watu wakaanza kupiga makofi ya kunihimiza. Upande wa pili wa ukumbi mjukuu wangu alikuwa ameshika sahani ya pilau, hali, ananitazama.

"Wateja wangu," nikasema, "ni watu wema. Nimemaliza."

Nikarudisha maiki, nikakaa.

Makofi yakakatika. Mama mmoja aliinama akaniuliza kama presha imepanda. Mwingine akaniletea maji. Mtani mwenyewe alibaki amesimama, kicheko kimemwishia usoni, akasema basi tuendelee na keki.

Njiani mjukuu alinishika mkono kwa nguvu. "Bibi, asante."

"Niache," nikamwambia. "Naumwa."

Na kweli nilikuwa kama naumwa. Kumeza neno tamu ni kazi kuliko kumeza dawa chungu.

Kesho yake baada ya ibada nasikia hodi. Ni mtani, amevaa koti la Jumapili, na mkononi ana kuku jike wa kienyeji amefungwa miguu. Hakuniita mtani. Aliniita mama.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," akasema. "Jana nimevuka mpaka. Miaka yote hujawahi kukosa jibu. Mke wangu kaniambia nimekuumiza, kwamba hii biashara ndiyo riziki ya mjukuu wako na mimi nimeifanyia mzaha mbele ya watu. Sijalala vizuri. Huyu kuku ni faini yangu."

Kwetu mtani akikunyamazia ni jambo zito. Maana yake maneno yamefika ndani. Kwa hiyo alikuwa sahihi kuja, na alikuwa sahihi kuleta kuku, na kumbe aliyemuumiza mwenzake ni mimi, kwa kunyamaza. Ningemwambia nini? Nikamwita mjukuu.

"Mke mwenzangu, mtu akija mwenyewe kuuliza habari zake tulizonazo, tunampa?"

"Ndiyo, Bibi. Ni haki yake. Ila lazima aulize."

Nikamgeukia. "Mtani, kaa. Uliza."

"Niulize nini?"

"Uliza tuna habari gani zako."

"Habari zangu? Mimi na ninyi..." Akaishia hapo. Nilimwona rangi ikimbadilika kuanzia shingoni. Akamtazama mjukuu, akaitazama kompyuta pale mezani, akamtazama kuku, kama vile kuku angeweza kumtetea.

"Uliza," nikamwambia. "Sheria inakuruhusu."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mna habari gani zangu?"

Mjukuu akafungua, akasoma kwa adabu zote, "Shikamoo kwanza, Babu. Tuna jina lako na namba yako. Oda nne, pakiti mbili, mbili, tatu, tatu. Pa kupeleka, dukani, si nyumbani. Maelezo, mfuko usiwe na maandishi. Oda ya pili uliongeza, 'Karanga za kusaga mnazo?'"

Mimi nilikuwa nimejifunika kanga mdomoni. Mtani aliinama, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamwachia kuku, kuku akaanza kujiburuta chini ya kiti, na sisi wote watatu hakuna aliyeweza kuinuka kumshika.

"Ulijua jana?" akaniuliza alipopata pumzi.

"Nilijua."

"Na maiki mkononi?"

"Mkononi."

"Na mimi nasema nitajie mmoja!"

"Na wewe unasema nitajie mmoja."

Akajipiga paji la uso, akasema alidhani oda anaziona mjukuu peke yake. Ndipo akatueleza. Alipokuwa mwalimu kijana, kituo chake cha kwanza kilikuwa kijiji kimoja huku kwetu, na mama mwenye nyumba alimlisha mlenda kila siku, ukamwingia. Alipooa akaacha, maana mkewe hautaki jikoni mwake, na kwa utani wake ameshausema vibaya mno, atarudije? Sasa anapika dukani, kwenye jiko dogo la gesi nyuma ya makatoni ya madaftari. Akisikia mteja anafunika sufuria kwa ramani ya Afrika.

Mjukuu akamuuliza, kama inavyotakiwa, "Babu, ungependa tukufute?"

"Mkinifuta nitaagizaje?" akasema. Kisha akanitazama. "Na huyu bibi yako, kichwani mwake nako mtafuta?"

"Mimi si kompyuta," nikasema. "Lakini nitanyamaza. Jana umeona naweza."

Akafikiri. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo ya jana siitaki tena. Mimi nikisema halafu wewe unyamaze, nakuwa kama mwendawazimu anayeongea na ukuta. Nakupa ruhusa. Nisimange."

"Kwa mdomo tu haitoshi," nikasema. "Andika."

"Bibi, kwa mdomo inawe..." mjukuu alianza.

"Aandike. Ni mwalimu, anajua."

Akaandika, kwenye daftari la mjukuu, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Kwamba anamruhusu mtani wake kutaja mbele za watu kwamba yeye ni mla mlenda. Ni mlenda tu, si jambo jingine. Kwamba idadi ya pakiti isitajwe. Kwamba ruhusa hii anaweza kuiondoa wakati wowote. Akatia saini. Mjukuu alisema hajawahi kuona ridhaa iliyokamilika namna ile.

Mwezi uliofuata yeye ndiye alikuwa na shughuli, kumuaga binti yake anayeolewa. Nilisubiri zamu yangu, nikasimama, nikavaa miwani, nikatoa karatasi, nikaisoma yote tangu juu mpaka saini, bila kucheka hata kidogo. Nadhani nilifika kwenye neno "mla mlenda" na sikusikika tena. Watu walisimama juu ya viti. Wazee wa Tabora waliokuja kwa ajili ya binti walikuwa wakipiga meza. Mtani alijifunika kichwa kwa koti lake, na humo ndani alikuwa anaruka.

Nikaangalia alipo mkewe, nikiwa na wasiwasi kidogo, maana ruhusa niliyokuwa nayo ilikuwa ya mume peke yake. Mama yule akainuka kwa utulivu, akaomba maiki.

"Mimi nilijua," akasema. "Mashati si nafua mimi?"

Na kuyaandika haya humu nilimwomba tena, yeye na mkewe, kwa sababu mjukuu alinikumbusha kwamba ruhusa ya kusema kwenye sherehe si ruhusa ya kuandika watu wasome. Mke alikubali palepale. Mume alisema atakubali kama nitaandika kwamba kuku alikuwa mnono.

Kuku alikuwa mnono. Anataga mpaka sasa.